Panya wa Kahawia Mbele ya Mizani

Kila panya anapotajwa barazani au magazetini, kauli hugongana. Huyu husema kwamba ni mwizi wa nafaka na mchukuzi wa maradhi, asiyestahili ila sumu. Yule hujibu kwamba dawa nyingi zilizomo madukani zilijaribiwa kwanza katika mwili wa panya, na kwamba pasipo mnyama huyo utabibu wa karne ya ishirini ungalikuwa nyuma mno. Na wa tatu huleta habari za Magawa, panya aliyezaliwa Tanzania, akafundishwa na shirika la APOPO lenye makao yake katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, hata akatunukiwa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Wote watatu husema kweli, walakini hawamsemi mnyama mmoja, na kila mmoja humhukumu panya wote kwa ushahidi wa yule amjuaye yeye.

Makala hii inamhusu mmoja tu katika jamaa hiyo kubwa, yaani panya wa kahawia, ambaye kwa wingi wake mijini, kwa sura yake katika hadithi, na kwa kazi yake maabarani, amekuwa na uhusiano na binadamu usio na kifani miongoni mwa wanyama wasiofugwa kwa chakula. Je, ni adui wa kuangamizwa, au ni mtumishi wa elimu, au ni kiumbe mwenye haki ya kuhurumiwa? Madai hayo matatu yana watetezi wake, na kila moja lina nguvu yake na udhaifu wake.

Nasaba na Safari Zake

Panya wa kahawia, ambaye wataalamu wa viumbe humwita Rattus norvegicus, si mwenyeji wa Ulaya wala wa Afrika. Wengi wa wataalamu hao huitaja asili yake kuwa ni nyika za kaskazini ya Uchina na Mongolia, alikokuwa akichimba mashimo kandokando ya mito kabla ya kuzoea maghala ya binadamu. Mtaalamu Peter Simon Pallas aliandika kwamba katika mwaka 1727 makundi ya panya hao yalionekana yakiuvuka kwa kuogelea mto Volga karibu na Astrakhan. Na ingawa habari hiyo aliipokea kwa wengine, maana mwaka huo yeye alikuwa hajazaliwa, tarehe yake inawiana na nyakati ambazo mnyama huyu alianza kutajwa katika nchi za Ulaya. Kabla karne ya 18 haijesha alikuwa amekwisha kuivuka Atlantiki. Jina la Norway alipewa mwaka 1769 na John Berkenhout, aliyedhani kuwa ameletwa Uingereza na meli za mbao kutoka nchi hiyo. Dhana hiyo ilikuwa batili, lakini jina likadumu.

Ni lazima atengwe na jamaa yake, panya mweusi, aliyetoka Bara Hindi, ambaye ni mwembamba, ana masikio makubwa na mkia mrefu kuliko kiwiliwili, tena ni hodari wa kupanda na hupenda kukaa darini. Huyo mweusi ndiye aliyesafiri katika vyombo vya kale vya Bahari ya Hindi, na mifupa yake imefukuliwa katika magofu ya Unguja Ukuu. Panya wa kahawia ni mnene zaidi, mkia wake ni mfupi kuliko mwili, masikio yake ni madogo, na makazi yake ni chini: mashimo, misingi ya majengo, mifereji ya maji machafu, na katika Afrika Mashariki huonekana zaidi bandarini na katika miji mikubwa. Mbali na hao wawili yupo panya buku, jamaa ya Magawa, mwenye mifuko mashavuni, ambaye ni Mwafrika wa asili. Tena yupo panya wa shamba mwenye chuchu nyingi, aitwaye Mastomys natalensis, ambaye ndiye hasa afukuaye mbegu za mahindi za mkulima wa Tanzania.

Tofauti hizi si za wanazuoni peke yao. Mtego uliowekwa darini haumnasi akaaye mferejini, na shauri lililofaa shambani halifai bandarini.

Maumbile na Tabia

Mnyama mzima huwa na uzito wa gramu 200 hadi 500 hivi. Jike huchukua mimba siku 21 hadi 23, huzaa aghalabu watoto sita hadi kumi na wawili kwa mara moja, na watoto hao huweza kuzaa wenyewe kabla hawajatimiza miezi mitatu au minne. Ilhali walio wengi kati ya wale waishio porini na mijini hawafiki mwaka wa pili. Meno yao ya mbele hayakomi kukua maisha yao yote, na kutafuna kwao mbao, risasi laini ya mabomba na nyaya za umeme ni dharura ya maumbile kabla ya kuwa uharibifu. Macho yao ni dhaifu, lakini masharubu yao hupapasa na kupima kila upenyo gizani, na masikio yao husikia sauti nyembamba zilizo juu ya uwezo wa sikio la binadamu.

Jambo moja katika maumbile yake linaeleza mengi kuliko yote, nalo ni kwamba panya hawezi kutapika. Kiumbe alaye kila kitu, tena asiyeweza kukitoa alichokwisha kukimeza, hana budi kuwa na hadhari kubwa, na hadhari ya panya wa kahawia ni ya ajabu: kitu kigeni kikiwekwa katika njia yake, hukikwepa kwa siku kadhaa, chakula kipya hukionja kidogo, na kikimdhuru, hatakigusa tena. Fauka ya hayo, utafiti wa Bennett Galef nchini Kanada ulionyesha kwamba panya hunusa pumzi ya mwenziwe aliyetoka kula, akajua kwa harufu hiyo chakula kilicho salama, naye akakipendelea. Elimu ya chakula hupokezanwa baina yao, na kwa hiyo anayeshindana na panya mmoja hushindana na maarifa ya kundi.

Wahenga wetu walinena kwamba panya wengi hawachimbi shimo. Methali hiyo ina hekima yake kwa wanadamu, lakini panya wa kahawia ni hodari wa kuchimba, na mashimo yake yenye njia nyingi, vyumba vya kulala na milango ya kukimbilia hukaliwa na jamaa kubwa yenye wakubwa na wadogo, wenyeji na wageni wasiotakiwa.

Hoja ya Wanaomwona Adui

Wanaodai kuangamizwa kwake wana hoja nzito, wala haifai kuzidharau kwa ajili ya huruma. Ya kwanza ni maradhi. Panya wa kahawia huchukua katika figo zake vijidudu vya leptospira, wala yeye mwenyewe asiugue, na huvimwaga kwa mkojo katika maji na matope; mtu mwenye mkwaruzo mguuni apitaye humo huweza kupatwa na homa, manjano na kufa kwa figo. Ugonjwa huo, ambao Adolf Weil aliueleza mwaka 1886 na ambao Wajapani Inada na Ido waligundua kijidudu chake karibu na mwaka 1915, huwapiga zaidi maskini wa mitaa isiyo na mifereji iliyofunikwa, kama ilivyothibitika katika mji wa Salvador nchini Brazil. Kwetu ugonjwa huo wajulikana kwa jina la homa ya mgunda, na mwaka 2022 uliua watu watatu katika mkoa wa Lindi. Walakini wachukuzi wake ni wanyama wengi, wala si halali kumbebesha panya wa kahawia peke yake mzigo wa mkasa huo.

Hoja ya pili ni uharibifu wa viumbe wengine. Katika visiwa ambavyo ndege wake hawakupata kumjua mnyama alaye mayai, panya walioshushwa na meli waliangamiza vizazi kwa vizazi. Kisiwa cha South Georgia, kusini ya Atlantiki, kilifikiwa na panya wa kahawia waliokuja na wawinda sili na nyangumi. Ndege mdogo wa kisiwa hicho, asiyepatikana pengine popote duniani, akabaki katika visiwa vidogo vya jirani na katika sehemu chache ambazo barafu iliwazuia panya kuzifikia. Baina ya mwaka 2011 na 2015 sumu ilimwagwa kwa helikopta juu ya nchi yote ya kisiwa isiyofunikwa na barafu, na mwaka 2018 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina panya tena. Ndege wakarudi. Huo ni ushindi wa kweli, na yeyote anayedai kwamba kumwua panya ni dhuluma daima hana budi kuujibu.

Pamoja na hayo, kesi ya adui ina nyufa tatu. Ufa wa kwanza ni tuhuma ya tauni. Watu wengi huamini kwamba panya huyu ndiye aliyeleta ile tauni kuu iliyoikumba Ulaya tangu mwaka 1347, ilhali wakati huo panya wa kahawia alikuwa hajafika katika nchi hizo, na hakufika ila baada ya karne nne hivi. Mshitakiwa wa desturi ni panya mweusi, na hata juu yake wataalamu wa siku hizi wanabishana, wengine wakisema kwamba viroboto na chawa wa binadamu wenyewe ndio walioueneza ugonjwa. Walakini haimkiniki kumwachia huru kabisa. Baada ya Alexandre Yersin kukigundua kijidudu cha tauni huko Hong Kong mwaka 1894, na Paul-Louis Simond kuonyesha mwaka 1898 kwamba kiroboto ndiye mchukuzi, tume ya watafiti huko Bombay iliona kwamba ugonjwa hutangulia kuwaua panya wa kahawia wa mifereji, kisha panya weusi wa nyumbani, kisha watu. Basi katika tauni ya zama za kati hana hatia, na katika ile ya zama za meli za moshi, iliyofika hata Nairobi mwaka 1902, jamaa yake walikuwa na sehemu yao.

Ufa wa pili ni hesabu. Husemwa kote duniani kwamba katika kila mji panya ni sawa na watu kwa idadi. Asili ya kauli hiyo ni kitabu cha W. R. Boelter kilichotoka Uingereza mwaka 1909, ambaye, baada ya kuwauliza watu kama kukisia panya mmoja kwa kila eka ni jambo la akili, aliona kwamba eka za mashamba zilikuwa kiasi cha milioni 40. Na kwa sadfa watu wa nchi walikuwa nao kiasi hicho. Sadfa ikageuka kanuni. David E. Davis alipohesabu kwa uangalifu panya wa New York mwishoni mwa miaka ya 1940 alipata robo ya milioni katika mji wa watu karibu milioni nane, na makisio ya Jonathan Auerbach ya mwaka 2014 yalifikia milioni mbili. Hesabu zote mbili ziko mbali na ile kanuni. Hofu iliyojengwa juu ya idadi ya uongo huzaa siasa ya pupa.

Ufa wa tatu, nao ndio mkubwa, ni kwamba kuua peke yake hakupunguzi panya wa mjini kwa muda mrefu. Mwaka 1902 serikali ya Wafaransa huko Hanoi, iliyokuwa imejenga mifereji mipya ya maji machafu kwa ajili ya mtaa wa Wazungu na hivyo kuwajengea panya njia salama chini ya nyumba, iliahidi ijara kwa kila mkia wa panya utakaoletwa. Panya wakauawa kwa maelfu, hata siku moja wakazidi 20,000. Kisha wakaonekana panya wasio na mikia wakikimbia mitaani, waliokatwa na kuachwa wakazae, na nje ya mji yakagunduliwa mazizi ya kufugia panya kwa ajili ya mikia yao. Sumu haikufaulu zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins katika mji wa Baltimore, miaka ya 1940, waliona kwamba panya wa mtaa wakiuawa kwa wingi, waliosalia huzaana hata idadi ikarudi ilipokuwa katika muda usio mrefu, maana chakula na mashimo yamebaki pale pale. Bali jaa likiondolewa, mapipa yakifunikwa na nyua zikitengenezwa, idadi hushuka na kukaa chini. Warfarin, sumu iliyotoka katika utafiti wa Karl Paul Link huko Wisconsin na kuanza kuuzwa mwaka 1948, ilidhaniwa kuwa imemaliza vita, kwa sababu huua kwa kuvuja damu baada ya siku kadhaa, na panya hawezi kuyahusisha maumivu na chakula alichokula zamani. Lakini kufikia mwaka 1958 huko Scotland walikwisha kuonekana panya wasiodhurika nayo. Dawa hiyo hiyo, kwa kipimo kidogo, imewaokoa wagonjwa wengi wa kuganda damu.

Mtu aweza kuuliza: mbona South Georgia ilifaulu? Ilifaulu kwa sababu ni kisiwa, sumu ilifika kila mahali kwa pamoja, na hakuna wa kuja kujaza nafasi. Jimbo la Alberta nchini Kanada nalo limebaki pasipo panya wa kudumu tangu miaka ya 1950, kwa sababu aliwahiwa mpakani na ulinzi wa mpaka haukulegezwa. Palipo na bahari au mlinzi, kuua kunatosha; palipo na jaa na mfereji wazi, hakutoshi.

Panya Katika Sanaa

Sanaa imemtumia panya kama kioo cha hofu. Kisa cha mpiga zumari wa Hamelin, aliyewavuta panya mtoni kisha, aliponyimwa ujira wake, akawavuta watoto wa mji wasionekane tena, kinasemekana kuwa ni cha mwaka 1284. Lakini habari za kwanza za kisa hicho zinataja watoto tu, na panya hawakuingizwa ila katika karne ya 16. Maana yake ni kwamba watu walikuwa na msiba, kisha wakautafutia panya. Katika filamu ya Nosferatu ya mwaka 1922 panya hushuka melini pamoja na mauti. Katika riwaya ya Albert Camus ya mwaka 1947 hufa ngazini na barabarani mwa Oran kabla watu hawajakiri kwamba tauni imeingia. Na George Orwell, mwaka 1949, aliwafanya kuwa adhabu ya mwisho inayomvunja mtu asaliti ampendaye. Wasanii hao hawakukusudia kuandika elimu ya wanyama, wala si haki kuwadai hiyo. Lakini wasomaji wao waliichukua hofu ya kitabuni wakaihamishia mferejini, na panya asiyekuwako enzi za Hamelin akalipishwa deni la Hamelin.

Taswira nyingine ipo, nayo haina umaarufu huo. Katika Kalila na Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu karne ya nane na ambacho watu wa pwani wamekijua kwa njia ya wanazuoni wao, panya huzitafuna kamba za wavu ulionasa hua, na urafiki wake na kunguru, kobe na paa umekuwa mfano wa udugu wa wanyonge. Al-Jahiz wa Basra alimchunguza panya katika kitabu chake kikubwa cha wanyama pasipo kumsingizia wala kumsifu mno. Kwa upande wa pili, hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim zinamtia katika viumbe watano waharibifu waruhusiwao kuuawa hata na aliyehirimia Haji, na zinawaonya watu wazime taa usiku asije akavuta utambi akaiunguza nyumba. Huko Deshnoke, Rajasthan, maelfu ya panya hulishwa maziwa hekaluni, ila hao ni weusi. Katika mji wa Osaka, Japani, kitabu cha kufundisha ufugaji wa panya wa rangi za kupendeza kilichapishwa mwaka 1775. Na Beatrix Potter wa Uingereza, alipotoa mwaka 1908 hadithi ya panya mnene mwizi wa siagi, alimtabarukia panya wake mweupe aliyekuwa amekufa.

Udhaifu wa sanaa hii ya mapenzi ni kinyume cha ule wa hofu: humvika panya moyo wa binadamu, akapendwa kwa kuwa mfano wetu. Pande zote mbili zimemficha mnyama mwenyewe.

Panya Katika Maabara

Aliingia katika elimu kwa mlango usiotarajiwa. London ya karne ya 19 ilikuwa na viwanja vya kamari, watu wakishindania idadi ya panya ambao mbwa mmoja angeweza kuwaua kwa dakika chache. Na wakamataji wa panya, ambao mashuhuri wao alikuwa Jack Black aliyejiita mkamataji wa Malkia Victoria, waliwatenga wale weupe na wenye mabaka wakawafuga na kuwauza. Panya weupe wenye macho mekundu, kwa upole wao, wakafaa vizimbani. Mwaka 1906 Henry Donaldson alikuja na panya wake katika Taasisi ya Wistar, Philadelphia, na kizazi kilichotokana na kazi iliyofanywa hapo na yeye na Helen Dean King kikasambaa duniani kote.

Matunda yake ni mengi kupita kiasi cha makala moja. Frederick Gowland Hopkins alionyesha mwaka 1912 kwamba panya waliolishwa vyakula vilivyosafishwa walidumaa, na kwamba maziwa kidogo yaliwarudisha katika kukua. McCollum na Marguerite Davis, kwa panya wao wa Wisconsin, walifikia vitamini A mwaka uliofuata. Elimu ya lishe ambayo kwayo mtoto wa leo huokolewa na upofu ilianza katika kizimba cha panya. Edward Tolman alidai mwaka 1948 kwamba panya azungukaye katika vichochoro vya majaribio hujichorea ramani kichwani. Madai hayo yalidharauliwa na wengi, mpaka John O'Keefe wa London, mwaka 1971, alipozipata katika ubongo wa panya seli zinazowaka mahali maalumu tu, na May-Britt na Edvard Moser wa Trondheim, mwaka 2005, walipozipata nyingine zinazopima nafasi kwa mpango wa gridi. Wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014, na kwa njia hiyo mnyama aliyepewa jina la Norway kwa makosa akaihudumia Norway kwa haki.

Watetezi wa maabara husema, na kusema kwao ni sahihi, kwamba figo, ini, moyo, homoni na misingi ya kujifunza ya panya yafanana na yetu kiasi cha kufundisha. Kwamba maisha yake mafupi huruhusu kuona vizazi. Na kwamba tangu ramani ya vinasaba vyake ilipotolewa mwaka 2004 mfanano huo unaweza kupimwa badala ya kudhaniwa. Lakini ushahidi wa panya una mipaka, na kuivuka kumegharimu maisha. Thalidomide, dawa ya usingizi iliyoanza kuuzwa Ujerumani ya Magharibi mwaka 1957, ilionekana salama kwa sababu panya na wanyama wengine wadogo hawakudhurika kwa vipimo vikubwa. Ikaondolewa mwaka 1961 baada ya maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu, na majaribio yaliyofuata yakadhihirisha kwamba vijusi vya panya huistahimili, ilhali vya baadhi ya sungura na nyani haviistahimili.

Mpaka wa pili hauonekani kwa wepesi, nao wahusu tabia. Mwaka 1947 John B. Calhoun aliwaweka panya wa kahawia katika uwanja wa robo eka karibu na Baltimore, wakiwa na chakula tele. Uwanja ule ungaliweza kukalisha maelfu, bali idadi yao ilisimama karibu na 150. Baadaye aliwajaza vyumbani, akaona majike wakiwatelekeza watoto na madume wakishambuliana, na makala yake ya mwaka 1962 ikasomwa na watu wengi kuwa ni bishara ya maangamizi ya miji ya binadamu. Hukumu hiyo ilizidi ushahidi, kwa sababu vyumba vyenyewe viliumbwa hivi kwamba panya wakusanyike mahali pamoja penye chakula, na uchunguzi uliofanywa juu ya watu baadaye haukuona kwamba msongamano peke yake huleta ufisadi. Naye Bruce Alexander huko Kanada, mwishoni mwa miaka ya 1970, aliwapa panya makao ya wasaa yenye wenzao na vitu vya kuchezea, akaona kwamba walikunywa mofini kidogo kuliko wale waliofungwa pweke. Waliorudia jaribio hilo hawakupata daima jibu moja, lakini swali lake limebaki. Panya aliyefungwa peke yake katika kizimba kitupu hutoa ushahidi wa kifungo kabla hajatoa ushahidi wa maumbile.

Swali la Haki

Hapa rai zimegawanyika sana. Kuna wanaosema kwamba majaribio yote yakomeshwe, kwa kuwa kiumbe mwenye kuhisi hawi chombo; na ushahidi wao umeongezeka. Jaak Panksepp alisikia, kwa vyombo, sauti nyembamba za furaha ambazo panya huzitoa wanapocheza na kutekenywa. Mwaka 2011 watafiti wa Chicago waliona kwamba panya hujifunza kumfungulia mwenziwe aliyebanwa, na hata kukiwapo chakula kitamu kando, wengi walimfungua na kumsazia. Wapingao wakasema kwamba huenda alitaka mwenzi tu, wala si huruma. Kinyume chao wapo wanaomtazama panya kana kwamba ni kemikali, na sheria imewaunga mkono: Marekani, kwa marekebisho ya mwaka 2002 ya sheria yake ya ustawi wa wanyama, iliwatoa panya wazalishwao kwa utafiti katika maana ya mnyama alindwaye na sheria hiyo. Baina ya pande hizo imesimama rai ya Russell na Burch, waliyoitoa mwaka 1959, kwamba mtafiti abadili njia kila iwezekanapo asitumie mnyama, apunguze idadi, na alegeze maumivu.

Rai hiyo ya kati yafaa zaidi, si kwa kuwa ni ya kati, bali kwa kuwa peke yake humlazimisha mtafiti aulize kwanza kama swali lake lajibika kwa panya. Wala haki hii haikomi maabarani. Mafundisho ya Kiislamu yaliyoruhusu kumwua panya ndiyo hayo hayo yaliyoagiza kwamba anayeua aue kwa wema. Na ni vigumu kuona wema katika gundi inayomshika mnyama hai hata afe kwa njaa, ambayo huuzwa waziwazi mitaani mwetu pasipo mtu kuuliza.

Mizani

Tukiziweka hoja hizi pamoja, tunaona kwamba kila upande ulimtazama panya mahali ambapo binadamu alikuwa amekwisha kumweka: mmoja mferejini, mwingine kitabuni, wa tatu kizimbani, na kila mmoja akadai kwamba aliyoyaona pale ndiyo tabia yake yote. Adui wa mjini ni matokeo ya jaa letu. Shahidi wa maabara husema sawasawa na nafasi aliyopewa. Na jinamizi la riwaya ni hofu yetu wenyewe iliyovikwa manyoya. Kwa hiyo katika visiwa vyenye ndege wasio na kinga sumu ni halali na ni wajibu, maadamu itamaliza kazi mara moja. Katika miji, sumu pasipo usafi ni fedha iliyotupwa na mateso yasiyo na faida, tena hufundisha kizazi cha panya wasiodhurika. Katika elimu, panya ni shahidi mwaminifu wa lishe, viungo na ramani ya ubongo, ni shahidi wa kutiliwa shaka katika mimba na dawa mpya, na si shahidi kabisa wa mustakabali wa jamii za watu.

Basi halmashauri za miji yetu ya bandari, kabla ya kutenga fedha za sumu za mwaka ujao, na zifunike mifereji, zizoe taka kila siku katika mitaa ya maskini kama zizoavyo katika mitaa ya matajiri, na zizibe kila upenyo katika masoko na maghala. Kisha zihesabu panya waliosalia, ndipo ziamue kama sumu yahitajika.